Kibanio, kutu na shuka jeupe: kisa cha nyumba moja ya wageni Lamu

## Nyumba yenyewe

Ni nyumba ya mawe ya matumbawe, ya ghorofa, ndani ya mji wa kale wa Lamu, iliyogeuzwa kuwa nyumba ya wageni. Jina, mtaa na idadi ya vyumba nimeviacha kwa makusudi, na wahusika nitawataja kwa kazi zao: mwenye nyumba, ambaye haishi Lamu, msimamizi, na dobi, mama wa makamo aliyekuwa akifua hapo tangu nyumba ilipoanza kupokea wageni. Mimi hukagua matandiko na matumizi ya nyumba za wageni za pwani. Niliitwa kwa ajili ya mashuka. Hakuna mtu anayeita mkaguzi kwa ajili ya vibanio vya nguo.

Nguo za nyumba hii huanikwa juu kabisa, kwenye sakafu iliyo wazi kando ya banda la makuti wanapobarizi wageni jioni. Mji umesongamana, na kiwanda cha ndani, yaani ua wa nyumba, hakitoshi hata kutandaza shuka moja la kitanda cha watu wawili. Darini ndiko kuliko na jua na upepo. Ndiko kuliko na chunyu pia. Ukipitisha kidole kwenye kamba ya kuanikia asubuhi ya mwezi wa Julai, kidole hurudi na unga mweupe, na ukiuonja ni chumvi tupu.

Kibanio kinachokaa huko kinapambana na mambo matatu kwa pamoja. Kuna jua: Lamu iko kama digrii 2 kusini ya ikweta, na katika Machi na mwishoni mwa Septemba jua la adhuhuri hupita karibu na utosi. Kuna chumvi inayoletwa na upepo wa baharini na kuganda kwa umande usiku. Kisha kuna upepo wenyewe: kaskazi kuanzia Desemba hadi Machi, na kusi kuanzia Aprili hadi karibu na Oktoba, wenye nguvu hasa kati ya Juni na Agosti. Jambo la nne lilikuwa la nyumba hii peke yake, nalo nitalifikia.

## Vibanio vinakatika, mashuka yanaruka

Vibanio vya mwanzo vilikuwa vile vya plastiki, vya rangi rangi, vinavyouzwa kwa dazeni katika maduka ya Usita wa Mui, njia kuu ya mji. Kwa bei yake si vibaya. Ila havikuwahi kushuka darini. Dobi alikuwa akianua nguo na kuviacha vibanio kambani vikisubiri mzigo wa kesho, kama wafanyavyo watu wengi, vikawa vinashinda juani na kulala umandeni. Baada ya miezi michache vikaanza kukatika mkononi. Vya waridi na vya manjano vilitangulia. Vyeusi, ambavyo vilikuwa vichache, vilibaki vizima, na hakuna aliyejiuliza kwa nini.

Vipande vingi vilifagiliwa. Vingine viliingia kwenye mfereji wa maji ya mvua, na hilo likajulikana masika yalipoanza, maji yakatuama darini badala ya kwenda tangini.

Kisha kusi ikashika. Shuka la kitanda kikubwa lilikuwa likishikwa na vibanio vinne. Kimoja kikikatika, upepo huingia pale palipoachia, vitatu vilivyobaki hubeba mzigo wa vinne, na punde shuka zima liko hewani. Moja liliangukia kichochoroni, wakati wa punda wa mchanga kupita. Jingine lilitua kwenye dari la jirani.

Hilo la pili lilikuwa na uzito kuliko linavyosikika. Dari la jirani, Lamu, si mahali pa kwenda tu. Ni mahali pa wanawake wa nyumba, wanapokaa bila buibui, wanasukana, wanaanika vyao. Kijana wa kazi hangeweza kuruka ukuta, wala haikuwa adabu kuchungulia. Ilibidi dobi ashuke ngazi zote, azunguke mtaa, apige hodi, aamkiane na wenyewe mmoja mmoja, anywe alichokaribishwa, ndipo apewe shuka. Mara ya kwanza walicheka wote. Ilipojirudia, mama wa nyumba ile alimwambia kwa upole, “Bi, mashuka yenu yametuzoea.” Dobi alimfikishia msimamizi maneno hayo kama yalivyo, na msimamizi akaelewa kwamba hayakuwa mzaha.

## Uamuzi wa kwanza: vinene zaidi

Msimamizi aliagiza Mombasa vibanio vikubwa, vya plastiki nene na springi ya nguvu. Hoja yake ilikuwa wazi: vyembamba vimekatika na upepo umevishinda, basi viletwe vinene vyenye kushika zaidi. Na kwa upande mmoja hakukosea, maana plastiki ile ilistahimili, na mashuka yakaacha kutembelea majirani.

Springi ndiyo haikustahimili. Ilianza kutu kabla plastiki yenyewe haijapauka, na kwa kuwa msimamizi hupanda darini kwa nadra, aliyeona kwanza ni dobi. Kwenye mapindo ya mashuka meupe zilianza kutokea alama ndogo za rangi ya chai ya rangi. Dobi akafanya alichozoea kwa kila doa la kitambaa cheupe: akayaloweka kwenye jiki.

Hapo ndipo hasara ilipokua. Jiki ni dawa ya klorini. Huondoa rangi ya chai, ya maembe, ya hina iliyofifia, kutu haiiondoi. Klorini huongeza kazi ileile ambayo hewa na maji vilikuwa vikiifanya kwenye chembe za chuma, na alama iliyokuwa hafifu hugeuka rangi ya machungwa iliyojishika kwenye uzi. Mashuka kadhaa yaliondolewa vyumbani. Mgeni mmoja aliandika kwamba alilazwa kwenye shuka lenye damu.

Mwenye nyumba, akiwa mbali, alisoma malalamiko hayo akapiga simu. Amri ilikuwa fupi: dobi anafua ovyo, bei ya mashuka ikatwe kwenye mshahara wake kidogo kidogo. Makato yakaanza mwezi uleule. Mimi nikaitwa nishauri aina ya mashuka yasiyoonyesha madoa.

## Ukaguzi

Nilimkuta dobi darini. Nilimuuliza anafuaje, kwa maji gani, kwa sabuni gani, naye akanijibu yote kwa utaratibu, akimalizia, “Nikianika ni safi, mwanangu. Nikianua lina doa.” Aliniambia kwamba msimamizi alishaambiwa maneno hayohayo.

Tulitandaza mashuka yaliyoharibika kitandani, moja juu ya jingine. Madoa yote yalikuwa kwenye pindo moja tu la urefu, hakuna hata moja katikati. Yalikuja kwa jozi, vistari viwili vifupi vilivyokaribiana, na kutoka jozi hadi jozi nafasi ilikuwa karibu sawa. Nilichukua kibanio kimoja kikubwa nikakibana juu ya jozi ya kwanza. Ncha mbili za springi, zinazotokeza ubavuni na kugusa kitambaa, zilikaa juu ya vistari vile bila kukosea. Mashine ya kufulia haichapi madoa kwa kupima nafasi.

Kwa hiyo kabla ya neno lolote kuhusu aina ya vibanio, nilimwambia msimamizi makato yasimame. Alijibu kwamba amri si yake. Nikamwomba apige picha ya shuka lenye kibanio juu yake, amtumie mwenye nyumba. Makato yalisimama wiki ileile. Kuhusu yaliyokwisha kukatwa nitaeleza chini.

Kilichobaki ni kwa nini springi nene ya chuma ilikwisha upesi namna ile, hata kwa Lamu. Jibu lilikuwa kwenye ndoo. Maji ya bomba ya mji hutoka kwenye visima vya Shela, kijiji jirani, chini ya matuta ya mchanga, na hayatoki saa zote. Bomba likikauka, suuza ya mwisho ilifanywa kwa maji ya kisima cha nyumba, ambayo yana chumvi. Shuka lililosuuzwa kwa maji hayo likianikwa, maji hushuka na kukauka, chumvi hubaki. Na pale pindo linapobanwa, kitambaa kilicholowa huishikilia springi kwa saa kadhaa. Basi springi ilikuwa ikipata chumvi kutoka pande mbili, hewani na kwenye nguo yenyewe, na ya nguo ndiyo ilikuwa nzito. Kununua kibanio cha bei ghali bila kugusa ndoo ile kungekuwa kuilisha kutu kitu kizuri zaidi.

## Kwa nini hufa namna hii

Vibanio vingi vya bei nafuu ni vya polipropilini. Plastiki hii ni nyepesi, haioshwi rangi wala hainywi maji, lakini ikiwa haikutiwa kinga, mionzi ya jua ya urujuanimno huikatakata minyororo yake ya molekuli kuanzia juu kwenda ndani. Kwanza hupauka. Kisha ukiikwaruza kwa ukucha hutoa vumbi jeupe. Baadaye hutokea nyufa nyembamba pale kibanio kinapopindika zaidi, karibu na mtaro wa springi, na siku moja hukatika hapo. Vyeusi huishi zaidi kwa sababu masizi ya kaboni yanayotumika kuvitia rangi hunyonya mionzi hiyo kabla haijafika kwenye plastiki. Kwa hiyo anayenunua vibanio vya plastiki kwa ajili ya darini, achague vyeusi, hata kama havipendezi.

Springi ni habari nyingine. Kwa kawaida ni waya wa chuma uliopakwa zinki. Zinki hujitoa yenyewe kuliwa kwanza, na maadamu ipo chuma kiko salama. Lakini waya ukishapakwa hukatwa, na penye mkato chuma huwa uchi. Kwa hiyo kutu huanzia kwenye ncha, nazo ndizo zinazogusa nguo. Kibanio cha vipande viwili kilipewa hati miliki Marekani mwaka 1853, na David M. Smith wa Springfield, Vermont. Springi ya waya uliozungushwa, ile tunayoijua leo, ni ya Solon E. Moore, 1887, wa Vermont vilevile. Jimbo hilo halina pwani. Sisemi kwamba wangefikiri tofauti wangekuwa Shela, ila kifaa kile kilitengenezwa kwa watu ambao umande wao hauna chumvi.

## Majaribio

Msimamizi alitaka jibu moja lililo tayari. Nilimshauri tujaribu kwanza, kwa sababu alishanunua mara mbili kwa kukisia.

Cha kwanza kilikuwa cha mbao. Lamu haikosi mafundi seremala, na wazo la kibanio cha kipande kimoja kilichopasuliwa katikati, kisicho na springi wala chuma, lilikuwa zuri: kisichokuwa na chuma hakishiki kutu. Fundi alitukataza mapema mbao nyekundu. Mkoko, alisema, ukilowa hutoa rangi, na kila mtu wa huku anajua kwamba gome lake hutumika kutia rangi na kulainishia ngozi. Akatuchongea vya mwembe, vyeupe, laini, vimepigwa msasa. Vilipendeza mno. Kwa foronya na leso vilifaa. Kwa shuka lililolowa, siku ya kusi, viliteleza na kutoka kimoja kimoja, kwa sababu kinachoshika ni mbano wa mbao tu, na mbao ikilowa na kukauka mara nyingi hulegea. Mvua ilipofuata vikaota ukungu mweusi. Tungeweza kuvipaka mafuta, lakini mafuta yangehamia kwenye mashuka. Fundi mwenyewe alicheka, akasema vibaki kwa ajili ya wageni wanaotaka kumbukumbu.

Cha pili kilikuwa cha waya wa stenlesi, ile aina ya chuma kisichoshika kutu kirahisi: kipande kimoja cha waya kilichokunjwa ili chenyewe kiwe mdomo na springi. Hapa ndipo pana utapeli mwingi na maelezo machache, kwa hiyo nikae kidogo.

Neno stenlesi halitaji chuma kimoja. Ile ya kawaida ya vyombo vya jikoni, 304, ina kromi kama asilimia 18 na nikeli kama asilimia 8. Ile ya baharini, 316, huongezewa molibdeni asilimia 2 hadi 3, na molibdeni ndiyo inayoizuia chumvi kutoboa vishimo. Kuna pia 201, ambayo nikeli yake imepunguzwa na mahali pake kutiwa manganizi ili iwe ya bei rahisi. Nje ya nyumba kandokando ya bahari hiyo hushika kutu mapema. Zote tatu, zikiwa mpya kwenye pakiti, zinang'aa sawasawa.

Msimamizi alikuja na sumaku. Alikuwa amesikia kwamba stenlesi nzuri haivutwi. Kwa bamba la kawaida kipimo hicho husaidia kiasi, lakini kibanio ni waya, na waya wa 304 ukivutwa kiwandani kufanywa mwembamba na mgumu, huanza kuvutwa na sumaku ingawa ni stenlesi halali. Na 201, iliyo duni, huenda isivutwe sana. Kwa vibanio, sumaku inaweza kumhukumu asiye na kosa na kumwachia mkosaji. Tuliiweka kando.

Kipimo tulichokitumia hakikuhitaji chombo. Tulichukua vibanio vichache kutoka kwa wauzaji tofauti, wote wakidai ni stenlesi. Kila kimoja kilibanwa kwenye kipande cha kitambaa cheupe kilicholoweshwa maji ya bahari, kikawekwa darini upande unaopokea upepo, na dobi alikilowesha upya kila asubuhi alipokuja kazini. Kabla mwezi haujaandama tena, vitambaa vilikuwa vimesema. Vya wauzaji wawili vilikuwa na vistari vya kahawia, sawa na vile vya mashuka. Vilivyouzwa kwa maandishi ya 316 viliacha kitambaa cheupe, ingawa waya wenyewe ulipata ukungu mwepesi wa rangi ya chai hapa na pale, uliofutika kwa kitambaa na maji matamu. Kiliamua kitambaa. Muuzaji akidai lolote, mpe kitambaa cheupe na maji ya bahari.

Kimoja cha vile vilivyofaulu kilikaribia bei ya dazeni ya vile vya Usita wa Mui. Msimamizi alisita. Tukaweka bei ya shuka moja la pamba mezani, mzozo ukaisha. Lakini hatukununua vya nyumba nzima. Vilinunuliwa vya kutosha kamba za mashuka tu.

## Maneno ya fundi wa majahazi

Hata stenlesi ile, siku za upepo mkali, iliachia. Waya mmoja una mdomo mwembamba. Na hapa dawa ilitoka kwa mtu ambaye hakuulizwa: mzee mmoja, fundi wa majahazi, aliyekuja kwa mazungumzo mengine na msimamizi, akapandishwa darini kunywa kahawa. Aliyatazama mashuka yakijaa upepo, akauliza kusi inatokea wapi, akajijibu mwenyewe kwa mkono. Kamba zilikuwa zimefungwa kukingama nayo. “Mumelitweka tanga,” akasema, “kisha mwataka kibanio kizuie jahazi.”

Ilikuwa hivyo hasa. Shuka lililokingama na upepo hujaa lote, na nguvu yote huishia kwenye midomo ya vibanio vinne. Kamba ikielekezwa upepo unakokwenda, shuka hupepea kama bendera, hupigwapigwa, lakini halijai. Kamba zilifungwa upya, kutoka kusini mashariki kwenda kaskazini magharibi, kwa kutumia nguzo zilezile za banda. Mwelekeo huo haufai wakati wa kaskazi, ambao huja kwa ubavu. Tulikubali hivyo kwa sababu mashuka yalikuwa yakiruka wakati wa kusi.

Dobi akaongeza lake. Kwao, alisema, mama yake hakuwahi kununua kibanio. Alisokota kamba mbili pamoja, akazikaza, na pindo la nguo likapenyezwa kati ya misokoto. Kadiri nguo inavyovutwa ndivyo kamba zinavyoibana. Tulijaribu kwa kamba ya nailoni, maana ya makumbi ingeacha nyuzi za kahawia kwenye nguo nyeupe. Kwa taulo na nguo za wafanyakazi ilishinda kila kitu kilichojaribiwa, na haikugharimu chochote zaidi ya kamba. Kwa mashuka ya wageni msimamizi hakuipenda, kwa sababu huacha mikunjo kwenye pindo inayohitaji pasi zaidi, na umeme una bei yake.

## Matokeo

Kusi yote iliyofuata hakuna shuka lililokwenda kwa jirani. Mashuka mapya hayakupata alama za kutu. Kuhusu ya zamani, yaliyokuwa hayajaingia jiki yaliokolewa mengi kwa ndimu na chumvi, yakaachwa juani na kusuuzwa vizuri; yaliyoingia jiki yalibaki na rangi, yakakatwa kuwa vitambaa vya kusafishia. Tahadhari moja kwa anayetaka kufanya hivi: ndimu isiguse nguo ambayo bado ina jiki. Asidi na jiki vikikutana hutoa gesi ya klorini, na chumba kidogo cha kufulia si mahali pa kuivuta.

Suuza ya mwisho sasa hufanywa kwa maji ya mvua ya tangini bomba linapokauka, na mfereji husafishwa kwa ajili hiyo. Kisima kimebaki cha kuoshea sakafu.

Upungufu ulitokea upande ambao hatukuutazamia. Vibanio vya waya vilianza kupungua. Msimamizi alishuku wageni, kwa kuwa wengine walikuwa wakiviazima kuanikia nguo za kuogelea na kusahau. Wachache labda. Wengi walikuwa kunguru. Kunguru huyu wa asili ya Bara Hindi, aliyeletwa Zanzibar miaka ya 1890 na kuenea pwani nzima, hujengea kiota kwa waya akiupata, na kibanio cha waya kilichoachwa kambani, chepesi, kinachong'aa, ni mali kwake. Kijana wa kazi alimwona mmoja akikitingisha hadi kikachomoka.

Pesa zilizokatwa kwenye mshahara wa dobi zilirudishwa, ila zile za mwezi wa mwisho tu. Za miezi ya kwanza mwenye nyumba alisema zilihusu mashuka yaliyoharibiwa na jiki, na jiki aliitia dobi. Niliandika katika ripoti kwamba hakuna aliyewahi kumwonyesha dobi namna ya kutoa kutu, na kwamba kutu ilitoka kwenye vibanio alivyonunuliwa. Hesabu haikubadilishwa.

## Kilichofaa na kilichoshindwa

Uamuzi wa kununua vibanio vinene haukuwa wa kijinga. Ulilenga kasoro iliyoonekana, yaani plastiki kukatika, na kasoro hiyo uliiondoa. Kosa lake ni kwamba vibanio vilihesabiwa kama kitu kidogo cha dukani, vikanunuliwa kwa kutazama kilichovunjika jana, bila kuuliza kinakaa wapi, kinagusa nini na kwa saa ngapi. Swali la nini kinagusa kitambaa ndilo lililokuwa la kuulizwa kwanza katika nyumba yenye mashuka meupe. Kibanio kinachokatika hugharimu kibanio. Kinachotoa kutu hugharimu shuka.

Kuhusu dobi, ushahidi ulikuwa mkononi mwa kila mtu tangu mwanzo. Alisema doa linatokea kati ya kuanika na kuanua. Sentensi hiyo peke yake ilitosha kumpandisha mtu darini. Haikumpandisha mtu kwa sababu aliyeisema ndiye aliyeshukiwa, na kwa sababu mwenye nyumba alikuwa akiiona nyumba yake kupitia maandishi ya wageni.

Stenlesi ilifanya kazi yake, lakini naona nyumba nyingi zitaipa sifa zaidi ya inavyostahili. Ningelazimishwa kupanga yaliyosaidia, ningeanza na mwelekeo wa kamba na maji ya suuza, vitu viwili ambavyo havikununuliwa popote, kisha stenlesi. Nyumba isiyo na uwezo wa kuinunua ingefika mbali kwa vibanio vyeusi vya plastiki, kamba ya msokoto kwa nguo nzito, na kikapu.

Kikapu ndicho kilicholegea zaidi katika mpango mzima. Tulikubaliana kwamba vibanio vyote, vya waya na vya plastiki, vishuke pamoja na nguo, visuuzwe kwa maji matamu mara kwa mara, vikae kivulini. Kibanio kinachokaa juani kwa muda wa saa tano na kile kinachokaa siku nzima na usiku kucha si ndugu, hata kama vimetoka pakiti moja. Dobi alilishika jambo hilo bila kukumbushwa. Lakini alipochukua likizo kwenda harusini Pate, aliyeshika nafasi yake aliviacha kambani kama vilivyoachwa zamani, na aliporudi kunguru walikuwa wameshachukua vyao na springi za vile vya plastiki zimeanza kuonyesha ncha nyekundu. Hakuna aliyekuwa amemwambia mbadala wake. Utaratibu ulikuwa kichwani mwa mtu mmoja.

Msimamizi aliandika upya karatasi ya makabidhiano ya kazi. Kikapu cha vibanio kimo sasa, kati ya ufunguo wa tangi na namba ya mita ya umeme, na anayepokea hutia sahihi idadi yake.